Wanaotaka kutengeneza picha ya mamluki waanzie Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua yangu ni ndefu kuliko mnazozoea. Ikibidi kupunguza, punguzeni habari za banda na jenereta, lakini habari ya mzee wa Baraka, kule Kongo, naomba isiguswe.

Jumapili iliyopita gazeti lako liliandika juu ya vijana wanaotafuta fedha ili watengeneze picha ya vita kuhusu mamluki waliopigana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo, miaka ya sitini. Nilifurahi, maana vita ile imepiganwa mbele ya macho yetu na bado haina picha yetu. Ila mwandishi akamalizia kwa kuwashauri vijana hao wakaitazame The Wild Geese, picha ya Waingereza ya mwaka 1978, waone jinsi picha ya mamluki inavyotengenezwa na watu wanaojua kazi. Hapo andazi likanidondokea kwenye chai. Picha hiyo naijua, Mhariri. Nimeisema kwa mdomo wangu huu, kuanzia majina ya mwanzo hadi ya mwisho, si chini ya mara arobaini.

Kuanzia 1997 hadi 2005 nilikuwa mtafsiri wa picha katika banda moja la video hapa Mwanga, Kigoma. Televisheni ya inchi ishirini na moja, deki moja, spika mbili, jenereta nyuma ya ukuta wa mabati, na mabenchi ambayo watu wa mbele walikaa chini ili wa nyuma waone. Mtafsiri wa picha si mkalimani wa mahakamani. Unakaa pembeni na maikrofoni, unashusha sauti wazungu wakiongea, unaipandisha bunduki zikilia, na katikati unajaza maneno yako. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, nacho hakikuwa tatizo. Watu walilipa kiingilio wasikie nitasema nini mimi, si Richard Burton kasema nini.

Burton anacheza Kanali Faulkner. Jina hilo lilitushinda siku ya kwanza, nikambatiza Kanali Foka, naye kwa kweli anafoka. Roger Moore hakuhitaji jina, kila mtoto alimwita Jemsi Bondi. Richard Harris anacheza Rafer, mpanga mipango wa kikosi, ambaye ana mtoto mdogo wa kiume anayeitwa Emile. Huyo nilimwita Baba Emili. Lishikeni jina hilo, nitalirudia.

Ubaoni, nje, tuliandika kwa chaki: MABATA MWITU, PICHA KALI LA VITA, MAMLUKI HAMSINI. Neno mamluki lenyewe lilileta mzozo. Kwetu, mpaka leo, mamluki ni yule mchezaji wa kuazima anayeingizwa kwenye mechi ya mtaa au ya shule kwa jina la mtu mwingine. Kwa hiyo watoto waliingia wakitegemea mpira. Nikawaambia ni kitu kilekile: mtu anakodiwa, anavaa jezi isiyo yake, anacheza, analipwa, anaondoka. Sikuona kosa katika maelezo yale. Leo naliona. Mamluki wa mpira hamuui mtu.

Kwa wasioijua, picha inakwenda hivi. Tajiri mmoja wa London, mwenye maslahi katika shaba ya nchi fulani ya Afrika isiyopo kwenye ramani, anamkodi Kanali Foka akamkomboe kiongozi aliyepinduliwa, Limbani, anayeshikiliwa gerezani. Wanashuka kwa miavuli, wanamchukua. Wakati wako uwanjani wanangoja ndege, tajiri kule London ameshaelewana na dikteta na kupata shaba yake. Ndege inagusa ardhi, inageuza, inaondoka bila wao. Nusu iliyobaki ni kukimbia porini huku wakiandamwa na jeshi la dikteta. Jeshi hilo, Mhariri, katika picha linaitwa Simba.

Fikirieni neno hilo ndani ya banda la video Kigoma, siku ya Jumamosi, nusu ya watu wakiwa wamevaa fulana za kijani na njano. Nilipotamka mara ya kwanza, "Wanaokuja ni Simba!", upande wa Yanga ulilipuka. Kila bunduki ya rashasha ilipopiga, watu walisimama juu ya mabenchi: "Simba wanakufa! Wamalize!" Na mimi, nisiwafiche, nilichochea. Nilihesabu maiti kama mtangazaji wa redio anavyohesabu magoli. Kwa wiki tatu tuliweka picha ileile kila jioni na banda lilijaa hadi dirishani.

Wiki ya nne, Jumatano, alikuwepo mzee aliyekaa karibu na mlango. Kipindi kile Wakongomani walikuwa wengi mjini. Vita ya 1996 na ile ya 1998 zilileta watu wa Fizi na Uvira kwa maelfu, kambi za Lugufu na Nyarugusu zikajaa, na wenye ndugu Ujiji na Mwanga walijibana kwa ndugu zao. Nilimdhania ni mmoja wa waliokuja kupoteza muda. Tulipofika kwenye "Simba wanakufa" akainuka, akaja mbele mpaka akaizuia televisheni kwa mgongo wake. Watu wakapiga kelele atoke. Akasema, kwa Kiswahili chao cha kule, bila kupaza sauti: "Munacheka nini? Ile njo siye. Miye nilikuwaka pale Baraka."

Nilizima maikrofoni. Nakumbuka jenereta tu ikivuma.

Baadaye nilimfuata nje. Tulikaa kwenye gogo la muuza mihogo, akanieleza mambo ambayo mengine niliyathibitisha baadaye kwenye vitabu, kimoja kikiwa cha adui yake mwenyewe. Kwamba mwaka 1964 vijana wa mashariki ya Kongo walichukua silaha dhidi ya serikali na wakaitwa Simba, kwa neno letu hilihili la Kiswahili. Kwamba waliinyakua Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Kwamba Moïse Tshombe, aliyekuwa waziri mkuu, aliwaita mamluki, na kiongozi wa wale waliosema Kiingereza alikuwa Mike Hoare, Mwairishi mzaliwa wa Calcutta aliyekuwa akiishi Afrika Kusini. Watu walikusanywa kwa matangazo ya magazeti ya Johannesburg na Salisbury, ndiyo Harare ya leo. Kazi ya kwanza ya Hoare, Agosti 1964, ilikuwa kupanda ziwa hili kwa maboti kutoka Moba akielekea Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, na hapo alishindwa. Mwishoni mwa Septemba 1965 alirudi ziwani na kikosi kikubwa zaidi, wakashuka Baraka, na Oktoba wakaingia Fizi.

Mzee alikuwa Baraka siku hiyo. Alinirekebisha kimoja kimoja. Katika picha mamluki wanakuja kimya, wanapaka nyuso masizi, hakuna anayesikia. Alisema kule ndege zilitangulia, na boti zilisikika kabla hazijaonekana, maana maji ya alfajiri hubeba sauti, na wanawake walishaanza kupanda mlima na watoto kabla risasi ya kwanza haijalia. Kisha akamcheka Kanali Foka. Alisema, "Wale ni babu. Waliotupiga walikuwa vijana." Kweli, Burton alikuwa ameshapita hamsini wakati wa kupiga picha ile, Moore na Harris wakiikaribia.

Tangu siku ile nilianza kuulizauliza picha ile ilitengenezwaje. Mwalimu mmoja wa sekondari alinitafutia kitabu cha Hoare, na miaka ya karibuni mjukuu wangu hunisomea mengine kwenye simu. Hapa ndipo nawaomba vijana wa filamu wanisikilize.

Picha ilipigwa mwaka 1977 katika Afrika Kusini ya makaburu, kaskazini mwa Transvaal, karibu na chemchemi za majimoto za Tshipise, si mbali na Messina na Mto Limpopo. Mtengenezaji alikuwa Euan Lloyd, mwongozaji Andrew McLaglen. Risasi za karatasi zililia upande huu wa Limpopo, ng'ambo ya mto huohuo Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, ilikuwa katika vita ya kweli, na wapigania uhuru wake wengine walikuwa wamepitia mafunzo hapa kwetu, kambi ya Mgagao, Iringa. Ni mwaka uleule Steve Biko, mpinga ubaguzi wa kule, alifia mikononi mwa polisi. Tena ni mwaka uleule nchi za Afrika zilipokutana Libreville mwezi Julai na kuweka mkataba wa kuutokomeza umamluki barani. Wakati wakubwa wetu wanatia saini, wenzao walikuwa wanajiandaa kuusifia kwa kamera. Wanaharakati wa kupinga ubaguzi kule Uingereza waliipinga picha hiyo kwa sababu ya mahali ilipopigwa. Haikuzuia foleni.

Sasa, mtengenezaji makini huhitaji mshauri wa mambo ya kijeshi. Nani aonyeshe jinsi kikosi kinavyotembea, jinsi mtu anavyoshika bunduki akiruka kutoka kwenye lori? Wakamchukua Mike Hoare. Huyohuyo wa Baraka. Kikosi chake cha Kongo kilijiita kwa jina la mabata bukini wa mwitu, jina la zamani la askari wa Ireland waliokwenda kupigania wafalme wa Ulaya kwa malipo, na picha ikalichukua jina hilo. Ian Yule, mmoja wa waigizaji wanaocheza mamluki, alikuwa kweli amewahi kuwa mamluki Afrika. Hadithi yenyewe ilitoka kwenye muswada wa Daniel Carney, aliyeokota uvumi wa ndege iliyotua Rhodesia mwaka 1968 ikiwa na mamluki na kiongozi wa Kiafrika aliyekuwa mahututi, ambaye watu walimdhania ni Tshombe. Uvumi tu. Tshombe mwenyewe ndege yake ilitekwa angani Juni 1967, akapelekwa Algeria, akafia huko kizuizini mwaka 1969.

Kwa hiyo upande wa mamluki ulikuwa na mshauri, mwigizaji aliyeifanya kazi hiyo kweli, jina na hadithi. Upande wa Simba? Sijasikia kwamba yupo mtu yeyote wa Baraka, wa Fizi, wa Kindu au wa Kisangani aliyeitwa Tshipise kuulizwa walikuwa wanakula nini.

Wapo Waafrika wawili wakubwa katika picha ile, na sitaki niwapite kwa haraka. Winston Ntshona anacheza Limbani, na John Kani anacheza Sajini Jesse, mmoja wa mamluki. Hawa hawakuwa watu wa kuokotwa njiani. Mwaka 1975 walishinda pamoja tuzo ya Tony kule New York kwa tamthilia walizotunga na kuigiza kuhusu pasi na jela za makaburu, na mwaka 1976 waliporudi kwao Afrika Kusini kuigiza, Transkei, walitiwa ndani. Mwaka uliofuata wakawa mbele ya kamera ya Lloyd. Nimejiuliza mara nyingi walikuwa wanawaza nini mchana kutwa kwenye joto lile. Kuna sehemu ambapo kaburu, anayechezwa na Hardy Krüger, anambeba Limbani mgongoni porini, na huku amembeba wanabishana kuhusu weusi na weupe. Ntshona anasema maneno yale kwa utulivu unaokufanya usahau kwamba yameandikwa na mtu mwingine. Mimi katika sehemu hiyo nilikuwa sipigi porojo. Niliacha aongee, kisha nikatafsiri polepole.

Haki yake nyingine niipe picha ile: haikuficha kwamba anayelipa ni tajiri wa shaba aliyekaa London na mikono safi. Mzee alitikisa kichwa kwa kukubali alipomwona. "Huyu njo yeye," alisema.

Lakini narudi kwa Baba Emili. Mwishoni ndege ya Dakota inaondoka, wamebaki wachache, na Baba Emili amejeruhiwa, anakimbia nyuma ya ndege hawezi kuifikia. Simba wako nyuma yake. Anamwita rafiki yake ampige risasi asishikwe hai. Kanali Foka anampiga. Banda zima, Mhariri, watu wazima, makuli wa bandarini, walinyamaza kama msibani. Steringi hafi, ndivyo tulivyozoea, na huyu kafa. Akina mama waliouza karanga mlangoni walifuta machozi: "Na yule mtoto wake je?" Kwa saa nzima kabla ya hapo walikuwa wamecheka Simba wakianguka kama mahindi.

Niliwaza sana usiku ule nikagundua kwamba kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa la Lloyd. Yeye alimpa Rafer mtoto. Mimi nikamwita kwa jina la mtoto wake, kama tunavyoitana sisi mitaani, na mtu ukishamwita Baba fulani huwezi kumwona anakufa ukacheka. Simba hawakuwa baba wa mtu yeyote.

Nikamtafuta mzee tena, safari hii na daftari la mistari. Nikamwomba anitajie wenzake. Hakutaka, tukakaa, akataja. Kumi na mmoja. Jina, kwao ni wapi, alikuwa nani kabla ya vita. Mengine alisita kwanza, kama mtu anayetoa pesa mfukoni bila kuzitazama.

Kuna sehemu mbaya kuliko zote katika picha ile, wengine mtaikumbuka. Usiku mamluki wanaingia kambini wamevaa vinyago vya gesi. Askari wamelala vitandani. Wanapita kitanda kwa kitanda wakipuliza gesi ya sumu, na wale hawaamki tena. Inapigwa taratibu, kwa ustadi, kama fundi anavyopulizia rangi mlango wa gari. Zamani hapo nilikuwa natania, nasema "lala salama, mwanangu". Baada ya daftari lile niliacha utani. Kila kitanda nilimtaja mtu. Huyu anayejigeuza ni fundi wa mitumbwi kutoka Mboko. Huyu wa pembeni kaoa juzi, mkewe yuko Kazimia. Huyu alikuwa darasa la sita, mwalimu wake alikimbia, akaona afadhali bunduki. Na majina yao. Vitanda vilikuwa vingi kuliko majina, vilivyobaki nikavipita kimya.

Watu hawakushangilia tena. Wengine walitoka. Mwenye banda aliniita pembeni akaniambia kwamba nageuza biashara yake kuwa matanga, na kwamba watoto wamehamia banda la Kibirizi ambako mtafsiri anachekesha. Tulielewana hivi: Jumamosi na Jumapili nifanye kama zamani, siku za katikati ya wiki niseme ninavyotaka. Nilikubali. Nilikuwa na kodi ya chumba. Kwa hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja Simba walikuwa na majina Jumanne na Jumatano, na Jumamosi walikuwa magoli.

Huyo mshauri wao hakuishia kwenye kuonyesha waigizaji. Novemba 25, 1981, miaka mitatu baada ya picha kutoka, Hoare alipanda ndege ya abiria na watu zaidi ya arobaini waliojifanya chama cha wanywaji bia wanaokwenda kustarehe Shelisheli, mabegi yamejaa midoli ya watoto, na chini ya midoli bunduki. Walikuwa wanakwenda kumpindua Rais France-Albert René. Afisa wa forodha uwanjani akaona bunduki, mambo yakaharibika, wakateka ndege ya Air India wakakimbilia Durban. Hoare alifungwa. Askari wetu wa Tanzania walikuwa Shelisheli wakati ule, na jirani yangu mmoja hapa Katubuka, mstaafu wa jeshi, alikuwa miongoni mwao. Nilimwonyesha ile picha mara moja. Aliitazama nusu saa, akaomba maji ya kunywa, akasema muziki wake ni mzuri.

Wala siyo yeye peke yake. Mei 1978, wiki chache tu kabla picha haijaonyeshwa London, Bob Denard, Mfaransa, mamluki mwingine aliyepigana Kongo, alishuka usiku Ngazija na watu wasiofika hamsini, akampindua Rais Ali Soilih wa Komoro, na kabla ya mwezi kwisha Soilih akauawa. Watu wa pwani wanaosoma barua hii wana ndugu kule, hawahitaji kuelezwa.

Na msidhani ni mambo ya kale. Mei 2021, Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, watu walijazwa uwanja wa michezo waonyeshwe picha ya Kirusi, iliyotiwa sauti kwa Kisango, kuhusu Warusi mashujaa wanaoiokoa nchi hiyo. Mwaka huohuo ikatoka nyingine, ya Warusi haohao wakiwa Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma yetu. Mamluki hawa hawakumngoja tena Euan Lloyd. Walijitengenezea wenyewe.

Ndiyo maana nasema vijana hao wasianzie kwenye The Wild Geese. Au waitazame, sawa, maana imepigwa vizuri na Burton ana sauti, kisha wapande treni waje Kigoma. Nitakuwa stesheni. Nitawapeleka Kibirizi kwa wavuvi wa dagaa wawaonyeshe jinsi injini inavyosikika alfajiri kutoka maili mbili, maana kama boti zao za kwenye picha zitakuja kimya, mtu yeyote wa hapa atajua wamedanganya. Wasiwape Simba Kiswahili cha Dar es Salaam. Pale banda letu mtu akisema "nilikuwaka" kila mmoja anajua katoka upande upi wa ziwa, na kwenye picha iwe hivyo. Habari ya dawa ya maji, ile ya kwamba risasi inageuka maji, wasiifanye kichekesho kama wageni wanavyoifanya. Mzee alinieleza miko yake: usitazame nyuma, usiibe, usimguse mwanamke. "Aliyekufa," alisema, "tulisema kavunja mwiko. Na miye nilivunja, sikukufa." Kwenye maneno hayo kuna picha nzima.

Jambo moja dogo. Wageni wenye kamera huja hapa wakiuliza juu ya Che Guevara tu. Ni kweli alivuka kutoka hapa Aprili 1965 kwenda kuwasaidia Simba, Wacuba wake wakajiita kwa hesabu yetu, yeye akiwa Tatu, na Novemba akavuka kurudi ameshindwa. Basi kila anayekuja anataka kuonyeshwa Tatu alipanda boti wapi. Sijasikia aliyeuliza nani alimpikia. Vijana wetu nao wakitaka Tatu awe steringi, itakuwa ileile, wamebadilisha rangi ya bendera tu.

Wakiniuliza mshauri wa kijeshi watamtoa wapi, mzee wangu hayupo tena. Watu wa Fizi walipoanza kurudishwa kwao kwa meli, naye alipanda, mwaka 2006, na begi moja na redio. Nilimsindikiza bandarini. Aliniuliza kama lile daftari ninalo, nikamwambia ninalo, akasema niliweke mbali na mvua. Miaka miwili baadaye nilipata salamu kwamba amezikwa Baraka.

Kanda ya video bado ninayo pia, ila deki ilishakufa. Daftari liko kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Majina sikuyaandika humu kwa sababu watoto wao wako hai, na ruhusa ni yao. Vijana wakija nitawapa, na kwanza tutavuka kwenda Baraka kuomba.

Wako,
Mtafsiri wa picha mstaafu,
Mwanga, Kigoma